Barua ya wazi: praktiko za Kemia na Baiolojia zianze Januari, zisisubiri mtihani

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu, viongozi wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Baraza la Mitihani la Tanzania, wakurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu sekondari.

Waheshimiwa,

Sisi ni walimu wa Kemia na Baiolojia pamoja na mafundi sanifu wa maabara katika sekondari za kata. Tunalo ombi moja, na yote yanayofuata ni ya kulitetea: fedha, kemikali na vifaa vya praktiko (mazoezi ya vitendo ya maabara) vifike shuleni Januari na vitumiwe na Kidato cha Kwanza hadi cha Nne mwaka mzima, badala ya kununuliwa Septemba na Oktoba kwa ajili ya mtihani wa taifa pekee.

Utaratibu uliozoeleka tunaujua sote. Kidato cha Kwanza wanafundishwa sheria za maabara ubaoni, wanachora bika na testi tyubu kwenye daftari, mwaka unakwisha. Kidato cha Pili na cha Tatu wanasoma titresheni, yaani kupima mmumunyo mmoja kwa kuudondoshea mwingine hadi rangi ibadilike, kama somo la hesabu. Maelekezo ya awali ya mtihani yakishafika, mkuu wa shule anahangaika kutafuta fedha, kemikali zinanunuliwa mbiombio, na watahiniwa wanapitishwa praktiko mfululizo kwa wiki mbili tatu, watu kumi kwenye bureti moja (mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini). Mmoja anafungua koki, mmoja anasoma kipimo, wanane wananakili. Siku ya mtihani kila mtahiniwa yuko peke yake na ana saa mbili na nusu.

Titresheni ni kazi ya mkono na jicho, na mkono haufundishiki kwa wiki mbili. Bureti inasuuzwa kwa maji, kisha kwa mmumunyo ule ule utakaojazwa ndani yake. Chupa ya koni inasuuzwa kwa maji tu; ukiisuuza kwa besi unayoipima, umeongeza besi isiyokuwemo kwenye hesabu. Faneli inaondolewa juu ya bureti kabla ya kusoma, la sivyo tone lililoning'inia litashuka katikati ya kazi. Hewa iliyonaswa chini ya koki inatolewa mapema kwa kufungua koki yote mara moja, maana kiputo kikitoka baadaye kinahesabiwa kama asidi iliyotumika. Pipeti, mrija wa kuchotea ujazo maalumu, haipulizwi: tone linalobaki kwenye ncha limeshahesabiwa na aliyeitengeneza. Wala hainyonywi kwa mdomo, hata kama shule haina mpira wa kuvutia.

Kisha kuna rangi. Asidi ikiwa kwenye bureti na besi kwenye chupa, methili oranji, kiashiria kinachobadilika rangi, huanza na njano, na kikomo, yaani mahali pa kusimama, ni rangi ya chungwa. Tone moja la ziada, takriban 0.05 cm³, linaipeleka kwenye wekundu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuiona rangi ya chungwa ikijitokeza chini ya mkono wake mwenyewe huendelea kufungua koki hadi aone wekundu, kwa sababu wekundu ndio unaoonekana wazi. Ujazo wake unazidi, wastani unapotoka, na hesabu zote za mola na uzito zinazofuata zinabeba kosa hilo. Anajua kanuni zote, lakini alama zinampotea kwenye koki.

Kinachotusikitisha ni kwamba gharama ya kemikali katika zoezi hili ni ndogo mno. Chukua shule yenye watahiniwa 120. Kila mmoja anahitaji takriban 150 cm³ za asidi na kiasi hicho hicho cha besi: jaribio la kukadiria, majaribio matatu ya kweli na ya kusuuzia vyombo. Hiyo ni lita 18 za kila mmumunyo. Kwa ukolezi wa mola 0.1 kwa lita, haidroksaidi ya sodiamu inayotakiwa ni gramu 72, na kopo moja huwa na gramu 500. Asidi ya haidrokloriki kali ya asilimia 36 inayotakiwa haizidi 160 cm³, na chupa yake huwa na lita 2.5. Methili oranji ni chini ya gramu moja ya kumi. Kopo moja na chupa moja vingetosha titresheni kadhaa kwa watahiniwa wote hao.

Ghali ni vioo. Shule hiyo ikiwa na bureti 30, mtihani unakwenda kwa zamu nne. Zamu ya kwanza ikianza saa 2:00 asubuhi, na ikitolewa nusu saa ya kuosha vyombo kati ya zamu na zamu, ya nne inamalizika saa 1:30 usiku. Siku hiyo yote wanaosubiri wanatengwa chini ya ulinzi wasikutane na waliotoka. Mtoto wa zamu ya mwisho anashika pipeti akiwa amechoka, ana njaa, na mwanga wa dirishani umekwisha. Kununua bureti kumi kila mwaka kungeliondoa tatizo hili taratibu bila kishindo kwenye bajeti. Na kwa kufundishia Kidato cha Pili na cha Tatu hata bureti si lazima: mabomba ya sindano ya 10 cm³ kutoka duka la dawa, yasiyo na sindano, yanawawezesha wanafunzi wawili wawili kupima 5 cm³ za besi na kudondosha asidi tone kwa tone. Usahihi wa bureti hawataupata, lakini kikomo watakiona kwa macho yao, kila mmoja, mara nyingi.

Sasa tuseme kuhusu maji, maana hapa ndipo kazi nzuri ya wengi inapoharibika bila mtu kujua. Majengo ya maabara yapo. Wananchi walichanga, wakabeba mchanga na tofali katika kampeni ya maabara tatu kila sekondari iliyopamba moto mwaka 2014. Sinki zipo, mabomba yapo, na katika shule nyingi hayatoi maji. Maji yanayotumika yanatoka kisimani kwa ndoo, na maji ya visima vya Singida, Dodoma, Shinyanga na kwingineko mara nyingi ni magumu au yana chumvi.

Chukua kisima ambacho maji yake yana ukali wa besi sawa na miligramu 300 za kabonati ya kalsiamu kwa lita. Ukitengeneza asidi ya mola 0.1 kwa maji hayo, bikaboneti iliyomo inakula asidi kabla mwanafunzi hajaingia maabara, na unabaki na mola 0.094. Aliyetakiwa kupata 25.00 cm³ anapata 26.60. Besi nayo ikitengenezwa kwa maji hayo hayo, ujazo unaweza kukaribia 28. Mwanafunzi amefanya kila kitu sawasawa, na jibu lake si sahihi.

Kwenye uchambuzi wa chumvi, yaani kutambua chumvi ya kikemia iliyopewa ni ipi, hali ni mbaya zaidi. Nitrati ya fedha ikidondoshwa kwenye maji yenye kloridi hutoa mashapo meupe hata kama chumvi iliyopewa haina kloridi kabisa. Kloridi ya bariamu ikikutana na maji yenye salfeti hufanya vivyo hivyo. Mwanafunzi anaandika alichokiona, na anakosa kwa kuwa mkweli. Ndiyo maana tunawasihi walimu wenzetu wafanye kwanza kipimo cha maji peke yake: 2 cm³ za maji ya maabara kwenye testi tyubu safi, matone mawili ya asidi ya nitriki, matone mawili ya nitrati ya fedha. Yakigeuka ukungu, maji hayo hayafai.

Dawa yake iko juu ya paa. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 80 ni lita 800. Maabara ya sekondari haihitaji maji safi mengi kwa mwaka. Mengi yanayotumika ni ya kuoshea, na hayo yanaweza kutoka kisimani mradi suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua. Linalotakiwa ni mfereji wa bati, tangi la lita 1,000 lenye mfuniko, na mtu wa kuyaacha maji ya robo saa ya kwanza yamwagike ili yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege. Pwani, mvua huweza kubeba chumvi ya bahari, kwa hiyo kipimo cha nitrati ya fedha hakikwepeki huko. Maji ya betri yanayouzwa madukani ni njia ya pili, ila chupa isomwe vizuri, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Mtambo wa kukenekea maji tunaushukuru unapoletwa, lakini mdogo wa lita nne kwa saa unakula karibu kilowati tatu za umeme na unataka maji mengi ya kupoozea. Shule isiyo na maji ya bomba haiwezi kuuendesha.

Kemikali zinazonunuliwa mara moja na kukaa miaka nazo zinadanganya. Salfeti ya chuma mbili ikikaa kwenye kopo lisilofungwa vizuri inageuka salfeti ya chuma tatu, ambayo ni chumvi nyingine. Lebo bado inasema chuma mbili, lakini haidroksaidi ya sodiamu inatoa mashapo ya kahawia iliyoiva badala ya kijani kichafu, na kipimo cha duara la kahawia cha nitrati hakitokei kabisa. Kabonati ya amonia inapungua yenyewe hadi kopo linabaki karibu tupu. Punje za haidroksaidi ya sodiamu zinavuta unyevu na hewa ya ukaa. Ukipima gramu 4, sehemu yake ni maji na kabonati, na viashiria viwili, fenolftalini na methili oranji, vitakupa majibu mawili tofauti kwa chupa moja. Kostiki ya watengeneza sabuni (haidroksaidi ya sodiamu isiyo safi) inafaa kwa vipimo vya mashapo. Kwa titresheni haifai.

Kuhusu moto tuseme kwa ufupi. Bana za Bunsen zilizotengenezwa kwa gesi ya bomba zikiunganishwa na mtungi wa gesi ya kupikia hutoa mwali mrefu wa njano wenye masizi, mpaka zibadilishwe kichomeo kiwe cha tundu dogo. Anayeagiza aandike wazi kwamba ni za gesi ya mtungi. Mwali wa jiko la mafuta ya taa mara nyingi huwa na njano, na njano hiyo inafunika rangi zote za kipimo cha mwali. Taa ya spiriti ni afadhali.

Upande wa Baiolojia tunasikia ikisemwa kwamba haihitaji fedha, kwani yai, karanga, viazi na majani vinapatikana kila mahali. Ni kweli kwa malighafi. Vitendanishi ndivyo vinavyokosekana, na mtu wa kuviandaa. Iodini, ya kupimia wanga, haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Inataka iodidi ya potasiamu kwanza, kwa mfano gramu 2 za iodidi na gramu 1 ya iodini kwenye maji kidogo, kisha ndipo ujaze hadi 100 cm³. Shule inayonunua iodini bila iodidi imenunua kitu ambacho haiwezi kukitumia. Mmumunyo wa Benedict, wa kupimia sukari, unatengenezwa shuleni kwa siku moja: gramu 173 za sitreti ya sodiamu na gramu 100 za kabonati ya sodiamu isiyo na maji vinayeyushwa kwa maji ya moto, na gramu 17.3 za salfeti ya shaba zinayeyushwa pembeni na kumiminwa polepole huku ukikoroga, hadi lita moja. Lita hiyo, kwa 2 cm³ kila kipimo, inatoa vipimo 500.

Uandaaji wa chakula cha kupimwa, ule mmumunyo unaopewa herufi, una mitego yake. Utomvu wa yai ukitiwa kwenye uji wa wanga ambao bado ni wa moto unaiva na kuganda, na rangi ya zambarau ya biyureti, kipimo cha protini, inafifia. Uache upoe hadi mkono uvumilie chupa. Uji wa wanga ukilala usiku kucha kwenye joto la Dar es Salaam unaanza kuchachuka, na kipimo cha Benedict kinaweza kuonyesha sukari ambayo hukuiweka. Mafuta yanaelea. Fundi akigawa kutoka kwenye chupa kubwa bila kuitikisa kila mara, vikombe vya mwanzo vinapata mafuta yote na watahiniwa wa mwisho wanaandika kwamba hakuna, na kwenye vikombe vyao kweli hakuna. Kwenye biyureti yenyewe, salfeti ya shaba iwe ya asilimia 1 na idondoshwe matone machache. Ikizidi, bluu yake inaifunika zambarau.

Zoezi la wanga kwenye jani ndilo linalotutia hofu zaidi. Jani linachemshwa kwenye maji kwa dakika moja, kisha kwenye spiriti hadi rangi ya kijani itoke, linasuuzwa, linawekewa iodini. Spiriti ikichemshwa juu ya mwali inashika moto, na katika chumba cha wanafunzi 60 hakuna pa kukimbilia. Njia salama ni rahisi kuliko ile ya hatari: maji yanachemshwa nje ya darasa, yanaletwa kwenye chupa za chai, yanamiminwa kwenye bika, na testi tyubu yenye spiriti na jani inasimamishwa humo. Spiriti huchemka kwenye nyuzi joto 78 hivi, na maji yaliyotoka kwenye chupa nzuri ya chai yanazidi hapo. Hakuna mwali hata mmoja mezani. Mmea nao uwe umekaa gizani saa 48 kabla, jambo ambalo halifanyiki pale mwalimu anapopewa taarifa ya praktiko jana yake.

Kuna pia suala la vielelezo. Kangaga haioti ovyo Simiyu wala Singida, na panzi na jongoo wana misimu yao. Halmashauri za nyanda zenye mvua zingeweza kukusanya na kuzigawia nyingine vielelezo vilivyohifadhiwa, wadudu kwenye ethanoli ya asilimia 70 na mimea ikiwa imekaushwa kwenye karatasi. Gharama yake ni chupa na nauli ya basi.

Tunaomba pia mfungue milango ya stoo. Stoo nyingi zimepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo amonia iko rafu moja na asidi. Mvuke wa amonia na wa asidi ya haidrokloriki hukutana hewani na kuacha unga mweupe juu ya kila kopo; huo ni kloridi ya amonia, na ni dalili kwamba hewa ile ile inakula mizani na hadubini zilizohifadhiwa humo. Asidi ya nitriki inakaa karibu na ethanoli, jambo ambalo halipaswi kutokea kamwe. Asidi kali zikae chini, sakafuni, kwenye karai la plastiki. Viwashwavyo mbali nazo. Hadubini chumba kingine kabisa. Chumvi za risasi zisimwagwe kwenye sinki, maana sinki nyingi zinaishia kwenye shimo lililo karibu na kisima cha shule. Zikusanywe kwenye ndoo, zitiwe kabonati ya sodiamu, tope likizama litunzwe. Ofisi za kanda za Mkemia Mkuu wa Serikali ndizo zenye utaalamu wa kemikali zilizokwisha muda. Tunaomba upangwe mzunguko wa kuzikusanya shuleni, kwa kuwa leo hazina pa kwenda.

Yote haya yanataka mtu. Kuandaa praktiko moja ya Kemia kwa mikondo minne, kutoka kupima kemikali hadi kukausha vyombo, kunakula siku nzima. Mwalimu mwenye vipindi zaidi ya 25 kwa wiki hawezi kuifanya kila wiki, na hafanyi. Fundi sanifu mmoja kwa kila shule angebadilisha hali hii kuliko jengo jipya lolote. Na ratiba ikubali vipindi viwili mfululizo, dakika 80, angalau mara moja kwa wiki kwa kila somo. Dakika 40 zinaishia kwenye kugawa vyombo.

Kwa Baraza la Mitihani, tunaomba orodha ya kemikali na vielelezo ije na mbadala unaopatikana kwa kanda, na sehemu ya alama endelevu itokane na praktiko zilizoandikwa kwenye daftari la maabara lenye tarehe na saini. Kwa wadhibiti ubora wa shule: mkija, ombeni daftari hilo kabla ya kuhesabu vyumba. Kwa wakurugenzi: kemikali ghali zinunuliwe kwa pamoja. Gramu 25 za nitrati ya fedha zinatoa karibu lita 3 za mola 0.05, ambazo ni nyingi kwa shule moja na zinatosha shule kadhaa zikigawanywa kwenye chupa za kahawia.

Shule yenye mikondo miwili kwa kila kidato inaweza kuanza muhula wa Januari na hivi: haidroksaidi ya sodiamu gramu 500, kabonati ya sodiamu isiyo na maji gramu 500, asidi ya haidrokloriki kali lita 2.5, salfeti ya shaba gramu 500, sitreti ya sodiamu gramu 500, iodini gramu 25 na iodidi yake gramu 100, methili oranji na fenolftalini kopo dogo moja moja, spiriti lita 5, testi tyubu 200, mabomba ya sindano ya 10 cm³ yapatayo 60, miwani ya kinga 30, ndoo mbili za mchanga, na tangi la maji ya mvua. Tunaomba fungu hilo lionekane kwenye bajeti ya kila halmashauri kwa jina lake, praktiko za sayansi, na litolewe kabla wanafunzi hawajafungua shule.

Wenu katika kazi,

Walimu wa Kemia na Baiolojia na mafundi sanifu wa maabara, sekondari za kata